Dume Analotafuta Papa Eugène

Katika Kalemie nzima hakuna anayewajua jongoo kunishinda mimi. Nimewafagia miaka sitini. Kuwatazama ndiyo sijawahi. Kazi hiyo anaifanya Papa Eugène.

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu wa ziwa bado umelala juu ya reli. Papa Eugène, mfanyakazi mstaafu wa reli, amepiga magoti katika kichaka cha bondeni, anachekecha majani yaliyooza juu ya sahani nyeupe. Ananusa.

"Wakiogopa wanatoa harufu ya muhogo muchungu uliokwaruzwa," ananong'ona. "Ile sumu njo silaha yao. Kuuma muntu hawajui."

Kwenye sahani uzi wa kahawia unaamka. Hauzidi punje mbili za mchele, lakini unatembea kama maji yanayofikiri.

"Anazaliwa na miguu sita tu," anasema. "Kisha anajijengea kachumba ka udongo, analala, anavua ngozi, anaikula, anatoka na miguu mingine. Ukimubomolea mbele ya wakati, anakufa."

Ndiyo maana vidole vyake hupita udongoni polepole, kama vya mtu anayepapasa uso wa mtoto aliyelala.

Kichaka hiki kitakatwa makaa mwezi wa sita. Mama Olga, mtafiti wa Lubumbashi aliyempa kazi hii, anaamini jongoo hawa hawajapewa jina popote. Ila majike hawamsaidii. Dume peke yake, kwenye pingili ya saba ya mwili, ana miguu iliyogeuka kulabu, na kila aina ina kulabu zake. Akipata dume mmoja ndani ya chupa ya alkoli, Mama Olga atawapa jina, kisha atawaandikia wakubwa wa jimbo wakiache kichaka.

Kwa miezi saba Papa Eugène amehesabu majike thelathini na mmoja, akawarudisha wote majanini.

"Natamani wajukuu wangu wakikute kichaka," anasema. Kisha, akitazama pembeni: "Lakini ile alkoli… wanamutia mule angali muzima."

Saa tano Mama Olga anafika nyumbani kwa Papa Eugène, chupa mkononi.

"Papa, dume?"

"Hakuna, Mama. Hata mumoja."

Mkewe, Mama Emilie, anatoka jikoni na mwiko.

"We Papa Eugène! Na yule wa mu sufuria yangu ya bugali? Juma la pili naazima ya jirani, sababu unasema amelala, nisimuamushe!"

Mama Olga anafunua sufuria. Majani yaliyooza, udongo laini, na juu yake uzi wa kahawia unaozunguka taratibu. Anaweka lenzi jichoni, anahesabu pingili mpaka ya saba. Kulabu zipo.

"Papa, na huyu?"

"Huyo… ni mugeni," anajibu Papa Eugène, macho chini. "Amefika jana."

"Jana?" anasema Mama Emilie. "Na umekwisha kumupa jina la baba yako!"