Spika Zilizohamia Upande wa Kulia

Ninayo siku moja, mwanangu, ambayo miaka haijapata kuichakaza: siku nilipomaliza kuunda spika za kuizunguka sebule yetu hapa kambini Nakivale, Uganda. Nilikuwa kijana, na umeme wetu ulikuwa wa betri moja iliyochajiwa kwa jua. Hata hivyo niliazimia kwamba baba yangu, aliyeongoza kwaya tangu Kivu ya Kusini hadi huku ukimbizini, aisikie kwaya yake akiwa ameketi katikati yake. Kwa miezi kadhaa, tangu alipougua homa kali, alikuwa hajaenda mazoezini. Wanakwaya walidhani wamemuudhi. Sisi wa nyumbani hatukuthubutu kumwuliza.

Haba na haba hujaza kibaba. Spika nne nilizipata Mbarara, kwa fundi aliyezing'oa katika magari mabovu. Masanduku niliyaunda kwa mbao kuukuu, nikaziba kila ufa kwa gundi na unga wa mbao, kisha nikayajaza pamba ya godoro lililochakaa. (Nawe usiipuuze pamba hiyo, sanduku tupu huimba wimbo wake lenyewe.) Mbili nikaziweka mbele, kando ya televisheni, mbili nyuma, zote kimo cha sikio la mtu aliyeketi. Nikapima kwa kamba, nikaweka kiti cha baba, Papa kama tulivyomwita, pale kamba zilipokutana.

Diski ya kwaya ikaanza. Wanawake waliimba upande wa kulia, wanaume kushoto, kama walivyozoea kusimama kanisani. Papa akasikiliza, akakunja uso, kisha akakigeuza kiti ubavu.

"Papa, bakia pa fasi yako!" nilimkemea, Mungu anisamehe. "Uko unaharibu kipimo."

"Iko muzuri, mwana wangu," akajibu kwa upole. "Lakini banaume, baliacha kuimba?"

"Bako kushoto, Papa, banaimba sana! Ikala tu katikati."

Akakirudisha kiti, akatabasamu kama mgeni aliyeandaliwa chakula asichokila.

Shangazi Nabintu, dada yake mkubwa, alikuwa akichambua maharage mlangoni. Akaniita nje kwa kidole.

"Fundi mukubwa," akasema, "kuta zote ulizipima. Baba yako ulimupima siku gani?"

"Nimupime nini, Shangazi?"

"Sikio yake ya kushoto ilikufa tangu ile homa. Kila siku ya Mungu ninaikalaka kushoto yake kanisani, nikimusemesha, hajibu. Kiongozi wa kwaya ataambia batu namna gani kwamba hasikie?"

Kitanda usichokilalia, mwanangu, hujui kunguni wake. Nilikuwa nimelala nyumba moja na mtu yule, nikala naye sahani moja, na bado nilijua masikio ya masanduku kuliko ya baba yangu.

Nikaingia ndani. Spika za kushoto nikazibeba, nikazipanga kuume kwake pamoja na nyingine, hata chumba chote kikaonekana kimeinama upande mmoja.

"Mbona unazihamisha?" Papa akauliza.

"Waya haifike kule, Papa. Iko mufupi."

Akautazama waya, ulioviringika sakafuni ukiwa umebaki mwingi. Akanitazama mimi.

"Kweli," akasema polepole. "Iko mufupi."

Sauti za wanaume zikaingia. Mkono wake wa kulia ukapanda wenyewe hewani, ukakaa hapo kidogo, kisha ukashuka kwa ghadhabu.

"Tenore! Banaume, munachelewa tena!"

Shangazi alicheka mpaka maharage yakamwagika. Wiki ile ile Papa alirudi mazoezini, akawaomba wanaume wasimame kuume kwake, na sababu akawaeleza yeye mwenyewe.

Basi, mwanangu, ukiunda spika kwa vitu vya bei nafuu, ziba nyufa, tia pamba, pima kwa kamba. Lakini kabla hujainyosha kamba, mjue atakayeketi pale. Mwulize anasikiaje. Akiona haya kusema, keti karibu naye, upande huu na upande ule, mpaka ujue. Kanuni ya katikati ni njema, ila iliwekwa kwa ajili ya msikilizaji. Msikilizaji hakuumbwa kwa ajili ya kanuni.

Mungu aibariki mikono yako na wazee ulio nao. Na siku masikio yako yatakapochoka, akujalie mtu wa kukuhamishia spika, akikwambia kwamba waya ni mfupi.