Mchanga wa Tangi la Gordon

Gordon alikuwa kinyozi wa Sori, kando ya Ziwa Victoria, aliyependa samaki hai kuliko vichwa vya wateja wake. Katikati ya miaka ya tisini alikata vioo vya madirisha, akavishikanisha kwa gundi ya mafundi, akapata tangi lililojaza nusu ya kibanda chake. Ndani aliweka fulu, samaki wadogo ambao mbuta, wale samaki wakubwa walao wenzao, walikuwa wamewamaliza ziwani. Tulimcheka sana. Sori nzima inavua samaki ili iwale, yeye anawavua ili awalishe.

Kilichomnyima raha ni sakafu ya tangi. Alitaka majani ya majini yaote humo, na mizizi haishiki kwenye kioo. Udongo mweusi wa mtoni ulichafua maji hata samaki wasionekane. Akaufunika kwa mchanga wa ufukweni, lakini punje zake zilikuwa kubwa, tope likapenya. Udongo wa kichuguu uliyeyuka kama uji. Alihitaji mchanga mzito, laini, uliooshwa vizuri, wa kulikandamiza tope libaki chini.

Aliyempatia ni mkewe, Roselyn. Gordon alimwita Nyar Sindo, kwa kuwa ni binti wa kutoka Sindo. Alikuwa akiosha dhahabu machimboni, na alikuwa na mimba ya tatu. Mbili za kwanza zilitoka. Mama mkwe alisema ni chira, adhabu ya mwiko, kwa sababu walipanda mahindi kabla ya kaka mkubwa wa Gordon kupanda. Basi Roselyn alinyweshwa manyasi, dawa ya kuondoa chira, chungu kizima. Mimi jirani yao hukasirika hadi leo nikikumbuka alivyokunja uso akiinywa.

"Huu tumeosha mpaka hauna kitu," alisema akitua karai. "Angalia vile ni safi."

Mchanga ulikaa vizuri ajabu. Maji yakang'aa, majani yakashika. Fulu jike akabeba mayai mdomoni, kama kawaida yao, na Gordon akawa anamwambia kila mteja kwamba nyumba yake ina wajawazito wawili. Watu walicheka. Mimi nilimwambia aache mzaha huo, maana uliniogopesha.

Halafu majani yakaanza kuwa meusi kuanzia mizizini. Samaki wakapanda juu kutafuta hewa, wakiogelea kiubavuubavu. Asubuhi moja yule jike aliyatema mayai yote, na baadaye kidogo akaelea tumbo juu.

Gordon alimwacha mteja na nusu ya kichwa. Alichota mchanga wote kutoka kwenye tangi na kuumwaga karaini, nami nikalishika karai akiusuuza. Chini kabisa palibaki matone yanayong'aa kama fedha. Nilipoinamisha karai yalikimbiliana, yakawa tone moja.

Roselyn alitokea mlango wa nyuma, upande walikokuwa wakiishi.

"Hii ni nini, Nyar Sindo?"

"Si ni zebaki, dawa ya kushika dhahabu. Kila mtu anatumia. Unachanganya na mkono, halafu unachoma inaisha na moshi, dhahabu inabaki."

"Wewe tangu lini unatumia?"

"Tangu nianze hiyo kazi, jaduong', mzee wangu. Tangu unioe."

Nilimwona Gordon akihesabu mimba moyoni, na mimi nilikuwa nimeshamaliza hesabu hiyo hiyo. Mahindi ya watu hayakuwa na kosa lolote.

"Mnachoma wapi?" aliuliza.

"Kitambo ilikuwa huko machimboni. Siku hizi wezi wamekuwa wengi, mimi nachomea hapa kwa jiko."

"Kwa chombo gani?"

Roselyn alimtazama samaki aliyekufa, akaweka mkono tumboni, kisha akageuka kuangalia jiko lake nyuma ya mlango. Sufuria ndogo ilikuwa motoni, na uji ulikuwa ukitokota.

"Ile," alisema.

Gordon aliiepua kwa mikono mitupu na kuumwaga uji nje. Bakuli la Roselyn lilikuwa pale kwenye kigoda, na alikuwa ameshalimaliza.