Msiba Uliosubiri Jioni

Mlima hauhurumii magoti ya mtu, uwe wa Murukulazo kule Ngara au wa Italia. Genoveva aliliona hilo kabla hajafika nusu ya ngazi za mji ule wa kale, uliojengwa juu kabisa ya kilima, kana kwamba watu wake waligombana na mabonde. Kwao pia wanakaa milimani, lakini milima ya kwao ina migomba. Huku ni mawe juu ya mawe.

Alikuwa mpishi wa wauguzi wa kigeni kwenye kambi ya Lukole, miaka ile wakimbizi walipojaa hadi kuni zikaisha vilimani. Muuguzi mmoja, Lusia, alikufa kwa malaria mikononi mwake, akazikwa hukohuko Ngara. Mwaka ulipopita, parokia ya kina Lusia ikamwalika Genoveva aje kutembea. Kutembea, eti. Yeye alikuja kumpa pole mama wa marehemu, basi. Na bibi yake alimlea hivi: ukienda msibani hutii kitu kinywani wala hukalii kiti, mpaka umfikie mfiwa ukae naye chini.

Lakini wenyeji walikuwa na mipango yao. Tangu asubuhi walimzungusha: mnara huu, kanisa lile, kisima walichonywea askari wa zamani. Padre Fideli, kijana wa Murukulazo aliyekuwa akisoma Roma, ndiye aliyetafsiri, na hakumpunguzia hata jiwe moja.

"Ukuta huu una miaka mia saba, mama."

"Na mama yake Lusia anakaa wapi?"

"Kule juu. Tutakwenda jioni. Wanasema mzee wa watu tusimchoshe na habari za kifo."

Mchana wakaandaa meza ya kumtosha askofu. Genoveva akakataa hata maji. Wenyeji wakatazamana.

"Mama, utanitia aibu," Fideli akamnong'oneza.

"Aibu ni yako, unayekula kabla ya kumwona mfiwa. Kwani ulilelewa na nani?"

Padre akaweka uma chini. Kisha akawaambia wenyeji kwamba mgeni anaumwa tumbo, maana uongo mdogo ni rahisi kutafsiri.

Wakaendelea kupanda. Ilipofika jioni miguu ya Genoveva ilikuwa imevimba, na kichwa kinamzunguka kwa njaa. Alichoka hadi akamkasirikia marehemu mwenyewe: mtoto gani huyu, anakwenda kufia mbali na kuwaachia watu wazima safari namna hii?

Mama Ernesta, mama yake Lusia, aliwafungulia mlango mwenyewe. Alikuwa mzee, mkavu, na nyuma yake viti vilikuwa vimepangwa mezani. Genoveva hakungoja karibu. Alivua viatu, akaketi sakafuni, akanyoosha miguu.

"Mwihangane," akasema, neno la kwao la kumpa pole mfiwa.

Wenyeji wakamrukia wamwinue, wakidhani tumbo limemzidi.

"Mwacheni," Fideli akawaambia, na safari hii alitafsiri kweli. "Haumwi. Amekuja msibani." Naye akaketi chini.

Mama Ernesta akawatazama. Tangu Lusia afe, mji mzima ulikuwa ukimzungumzia mvua na bei ya mafuta, ili asilie. Akashika ukingo wa meza, akajishusha taratibu mpaka chini, goti baada ya goti.

"Alikuwa peke yake?" akauliza.

"Hapana. Nililala naye kitanda kimoja. Alipokata roho mkono wake ulikuwa shingoni mwangu."

Yule mama akalia. Alilia kwa sauti, kama wanavyolia Ngara, na Genoveva akamshika bega wala hakumnyamazisha. Walikaa hivyo hadi giza likaingia. Kisha mzee akajifuta uso na aproni, akamwuliza padre jambo.

"Anauliza umekula nini leo."

"Mwambie sijala. Mwambie sasa naweza."

Kulikuwa na maharage jikoni. Yaliletwa palepale sakafuni, kwa kuwa wale mama wawili hawakuweza tena kuinuka.