Farasi wa Shangazi Wageuke Mara Ngapi

Nianze kwa kusema wazi kwamba nina hasira, asije mtu akaniambia niandike kwa utulivu. Watu wazima, wenye kazi zao na watoto wao, walikaa wakamkataza shangazi yangu kugeuza farasi. Farasi wenyewe wana urefu wa kidole gumba.

Shangazi ni msusi. Saluni yake ni chumba cha mbele cha nyumba anayopanga, na nyuma yake kuna stoo anayotumia pamoja na jirani, fundi simu. Humo stoo ndimo ilimo meza: mlango wa zamani uliolazwa juu ya makreti, juu yake blanketi la kijani, chini ya blanketi vitabu vya kuinua vilima. Jumapili mchana watu hupanga hapo majeshi ya vijisanamu, majitu, mazimwi, na langu mimi la panya wenye mikuki, na kila jeshi husogea kwa zamu, inchi zake zilizowekwa, kwa rula, na kupigana kwa dadu. Shangazi aliingia mara ya kwanza kulalamikia kelele. Akaangalia kidogo, akauliza, "Hawa farasi mbona wamesimama kama wanasubiri kulipia maji?" Hakutoka tena.

Jeshi lake alilitengeneza mwenyewe. Udongo wa kuchezea watoto ukawa farasi, vibanio vya nywele vikawa pinde, rangi ya kucha ikawa nguo. Juu ya farasi akapandisha wapiga mishale wenye vichwa vya fisi, na nyuma yao akaweka wapiga mikuki wachache wa miguu. "Fisi anacheka huku anakimbia," alisema. "Nataka watu wajue wanachekwa."

Sasa elewa kwa nini farasi wepesi huwatia watu wivu. Farasi wa deraya, wale waliofungwa mabati mwili mzima, huenda mbele moja kwa moja, na wakitaka kukata kona inawalia inchi zao zote, kama lori lililoingia uchochoroni. Wepesi hugeuka watakavyo, mara watakazo, mradi safari nzima isizidi inchi zao. Ukiwashambulia wanaruhusiwa kukimbia, na zamu inayofuata wanajikusanya, wanageuka na kukupiga mishale kana kwamba hamjawahi kugombana. Shangazi alipima njia zao kwa uzi wa kusukia. Anaulaza ukipinda huku na huku katikati ya maadui, kisha anaunyoosha kwenye rula. Hakuna aliyewahi kumkuta amezidisha.

Aliyeumia zaidi ni Mfamasia. Bwana huyu ana jeshi la watu wa mawe, wanaotembea kama wanaokwenda kuchukua majibu ya mtihani. Fisi waliwazunguka, wakawachoma mgongoni, wakaondoka. Naye alinuna kweli, mtu mzima, mwenye duka la dawa.

Kwenye meza yetu kulikuwa na desturi: anayeshinda msimu hubadilisha kanuni moja, aitakayo, na wengine wananyamaza. Wengi waliomba vitu vya kawaida, zimwi lipunguziwe moto, mto uvukike. Msimu uliopita Mfamasia akashinda, kwa dadu zilizokuwa zinampenda bila sababu, akasimama kama anayefungua kikao.

"Farasi wepesi wageuke mara moja tu kwa zamu. Na wakikimbia, zamu inayofuata wasimame palepale wajikusanye. Hakuna kusogea."

"Hao si farasi tena," Shangazi akasema. "Hao ni viti."

"Kanuni ni kanuni, dada."

"Dada yako yuko kwenu."

Na wote waliobaki wakatazama blanketi. Fundi simu hata akamshauri ahamie kwenye majitu. "Sikuja hapa kusukuma mawe, jirani," alimjibu. Kuanzia hapo alitaka kitu kimoja tu, ashinde msimu arudishe farasi. Alicheza msimu mzima na wale fisi waliofungwa miguu, wakigonga vilima, wakishindwa kupita kati ya vikosi viwili. Alishinda mechi zake kwa meno na kucha. Mimi pia alinishinda, ingawa hilo si la kujivunia. Mechi ya mwisho ikamkutanisha na Mfamasia, na wa kushinda ni yule atakayeshika daraja.

Shangazi akawapeleka fisi wote mbele, mbali na daraja. Watu wa mawe wakashambulia, fisi wakakimbia, kisha, kwa kanuni mpya, wakasimama kujikusanya. Mfamasia alipowaona wamesimama vile, hawana pa kwenda, akili ikamtoka. Aliwafuata na kila alichonacho, hata walinzi wa daraja. Aliwasaga mmoja mmoja, taratibu, kama anayelipiza kisasi cha ukoo. Alipoinua kichwa, wapiga mikuki wa Shangazi, wale wazembe wa miguu ambao hakuna aliyewahi kuwaangalia, walikuwa darajani, na mawe yake hayangeweza kurudi kwa wakati.

"Haya, sema farasi wako," Mfamasia akasema, akiokota dadu.

Shangazi akaukunja uzi wake kidoleni. "Nikiwarudisha, msimu ujao utawaondoa tena. Kanuni yangu ni hii: mshindi habadilishi kitu tena. Kikitakiwa kitu, meza nzima ipige kura."

Nilitaka kulia. Msimu mzima kawapigania farasi, na sasa hawaombi!

"Na sasa naomba kura," akaendelea. "Farasi wepesi wageuke kama zamani. Wanaokubali?"

Ikapanda mikono miwili, wake na wangu. Fundi simu alikuwa amekalia ya kwake.

"Hata wewe, jirani?"

"Mama, wale fisi wamenitesa. Usiku nawasikia wakicheka."

Watu hawana haya. Walinyamaza alipoonewa, amewapa sauti, sauti ya kwanza wameitumia kumwonea wenyewe. Nilimwambia Shangazi hivyo, mbele yao, na maneno mengine ambayo hayaandikiki.

"Punguza moto," Shangazi akasema. "Zamani aliyenikatalia alikuwa mmoja, na huyo habembelezeki. Hawa nitaanza nao mmoja mmoja."

Akaokota fisi mmoja, akamsimamisha kwenye kilima, akavuta uzi.

"Jirani, lete majitu yako hapa. Nakuazima fisi wangu, uwaendeshe wewe, kwa kanuni ya zamani. Mimi nitakaa na majitu."

Fundi simu alitazama mlango, akatazama uzi. Kisha akavuta kiti.