Rumbesa ya Oksijeni

Hajira wa kijiji cha Masaki anachoma mkaa, na magunia yake yote yana rumbesa: gunia likishajaa, anapanga mkaa mwingine juu na kuufunga kwa kamba. Mteja akinunua leo, kesho anarudi. Shida ni kwamba rumbesa hiyo aliibeba hadi kwenye darasa langu la tuisheni, hapa mtaa wa Picha ya Ndege.

Mimi ni Mwalimu Ndaki, nafundisha kemia, na hasira zangu ziko karibu. Muundo wa atomu haukumsumbua Hajira. Ukimuuliza elektroni za sodiamu, anazipanga haraka: mbili, nane, moja. Lakini mpe mlinganyo wa mmenyuko ausawazishe. Kushoto ana oksijeni mbili, kulia anaandika tatu.

"Hiyo ya tatu umeitoa wapi?" namuuliza.

"Nimeongezea tu, mwalimu."

"Hakuna rumbesa kwenye kemia, mama. Kilichoingia ndicho kinachotoka."

Vijana darasani wakambatiza Mama Rumbesa.

Ana miaka thelathini na sita, anarudia mtihani wa kidato cha nne ili akasomee uuguzi. Bila kemia, chuo hakimpokei. Siku mbili kabla usajili haujafungwa nikamwambia aiache, achukue jiografia. Akanisogezea fomu yake ya usajili.

"Nipe swali moja, mwalimu. Nikikosa, jiografia uijaze kwa mkono wako."

Nikaandika ubaoni: gramu 24 za kaboni zimeungua zote ndani ya gramu 32 za oksijeni, na oksijeni yote imetumika. Imetokea gesi gani, na ina gramu ngapi? Jibu nilikuwa nalo kichwani: kaboni dayoksaidi, gramu 88. Hajira akaandika kaboni monoksaidi, gramu 56. Nikamwekea kosa kwa wino mwekundu, nikavuta fomu yake.

"Ngoja kwanza," akasema. "Hewa uliyonipa ni ndogo. Mkaa ukikosa hewa unatoa ile gesi inayoua watu wanaofunga mlango na jiko liko ndani. Mimi na tanuri ni miaka kumi na tano, hilo siwezi kukosea."

Nikamwambia asinifundishe kazi. Akachukua chaki, akajumlisha: ishirini na nne na thelathini na mbili, hamsini na sita.

"Wewe una themanini na nane. Hizo thelathini na mbili za juu umezitoa wapi?"

Nikageukia ubao. Oksijeni nilikusudia kuandika gramu 64, haraka ikaniponza. Niliona aibu, sifichi.

"Hakuna rumbesa kwenye kemia, mwalimu," akasema kwa adabu zote.

Nikachukua kalamu, nikajaza kemia kwa mkono wangu mwenyewe. Akaisoma fomu mara mbili kabla ya kuikunja.