Siku Waziri Alipojibu Kuhusu Boti Yetu

Sitoi! Mwambieni mwenyekiti nimesema sitoi, na msinizungushe na hayo maneno yenu ya kijiji kisiaibike. Mashine hii kaniachia babu, na kaniachia pamoja na masharti yake. Ikifungwa kwenye ile boti ya wagonjwa, ifungwe kubeba mgonjwa. Kutembeza wageni, hapana.

Na wewe uliyekalia pipa hapo, umesema nini? Eti babu yangu alikwenda Dodoma akakivua kijiji nguo? Rudia nikusikie vizuri. Miye nilikuwa ubavuni mwake. Wewe ulikuwa hapa unasikiliza redio, tena redio yenyewe ya jirani.

Haya, kaa. Nywele zangu bado nyeusi, najua, na shule sikumaliza, kusoma nimejisomea mwenyewe kwenye magazeti yanayofungiwa maandazi. Kwa hiyo nasaha hizi si zangu. Ni za marehemu Mzee Mbaruku, mimi mbebaji tu. Lakini leo utazisikiliza kama za mzee, mwanangu, hata kama tumepishana miaka michache.

Nakumbuka siku moja asubuhi tumesimama kwenye mstari wa kuingia Bungeni, mimi na babu, mwenyekiti wetu, na wazee wengine wa huku delta. Mbunge wetu alikuwa na swali lake siku hiyo kwa Waziri wa Afya, kuhusu akina mama wa visiwani wanaovushwa kwenda kujifungua bara. Akatualika tuwe wageni wake. Babu kavaa kanzu ya Idi, kofia imenyooka, na utani wake haujaachwa nyumbani.

"Mume mwenzangu, funga kifungo hicho," akaniambia. "Wakikuona kifua wazi watadhani tumeleta samaki."

Nikacheka. Simu ikalia. Mama.

"Zaituni kashikwa na uchungu."

Zaituni ni dada yangu, ndiye anayenifuata. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, kaja kujifungulia kwa mama kama ilivyo desturi. Nesi wa zahanati alishasema mapema kwamba mtoto kakaa vibaya, huyu asizalie hapa, apelekwe hospitali. Mpango ulikuwa tukirudi tu kutoka Dodoma tumvushe, akakae kwa shangazi Kibiti asubiri siku zake. Siku zake zikatutangulia.

"Mama, mpandisheni kwenye boti!"

"Boti hii hapa imelala. Wanaume wanatafuta mashine. Tuombeeni."

Ikakatika. Askari wa getini akaninyooshea mkono, kwa adabu kabisa: simu haziingii ndani. Nikamwambia babu mimi nabaki nje.

"Ukibaki nje na simu, itageuka kuwa mashine?" akaniuliza. "Swali linaloulizwa humo ndani ni la Zaituni. Ingia."

Nikaikabidhi ile simu. Mwanangu, nilihisi kama nimemwachia dada yangu mkono katikati ya mto.

Tukapandishwa juu wanakokaa wageni. Ubaridi wa mle ndani si wa kawaida, lakini mgongo wangu ulikuwa umelowa. Spika akatutaja, wageni kutoka delta ya Rufiji, tukasimama, tukapigiwa makofi. Watu wazima wenye suti wanatutazama wanatabasamu, na mimi kichwani nasikia sauti ya mama tu. Nikaanza kusoma Ayatul Kursiy, nikafika katikati nikapotea, nikaanza upya.

Zamu ya mbunge wetu ikafika. Akauliza, na kauliza vizuri, Mungu ampe heri. Ni lini Serikali itawahakikishia akina mama wa delta usafiri wa dharura wa kufika hospitali?

Waziri akasimama. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Lakini wala hakuwa na majivuno, sauti ya taratibu kama mwalimu wa madrasa. Akasema Mheshimiwa Spika, Serikali inatambua changamoto ya usafiri katika maeneo ya delta. Zahanati hiyo ina mtumishi, na boti ya kubebea wagonjwa ipo na inafanya kazi. Wataalamu walifika, wakaipanda, wakajiridhisha.

Meza zikagongwa.

Damu ikanipanda. Nimeshanyanyua makalio kwenye kiti, mdomo uko wazi, na ningelitoa tusi ambalo lingeingia kwenye kumbukumbu za Bunge mpaka kiama. Mkono wa babu ukatua kwenye paja langu, mzito kama nanga.

"Anadanganya, babu!"

"Hadanganyi."

"Zaituni yuko kule ana..."

"Najua aliko. Kaa. Ukipiga kelele utatolewa wewe, jibu litabaki limekaa." Halafu akasema polepole, macho yake kule chini kwa Waziri: "Mashine waliyoipanda hao wataalamu ilikuwa yangu."

Sikumwelewa. Maana wageni walipokuja kijijini mimi sikuwepo, nilikuwa Kibiti naendesha bodaboda. Akanieleza palepale, kwa kunong'ona, wabunge wakiendelea na yao. Mashine halisi ya boti ya wagonjwa ilikufa zamani, ikapelekwa kutengenezwa, haikurudi. Basi iliposikika kwamba watu wa wizara wanakuja kukagua, kijiji kikafanya kile tunachofanya siye siku zote. Zahanati ikapakwa chokaa. Mashuka yakaazimwa kwa bibi harusi. Na mtu mmoja akasema, jamani, mgeni asikute boti iko uchi. Babu akatoa mashine yake ya kuvulia kamba, ikafungwa, wageni wakatembezwa mtoni wakipiga picha, wakarudi wakala wali wa nazi na kamba wakubwa. Walipoondoka, babu akafungua mashine yake, akarudi kazini.

Hakuna aliyesema uongo, mwanangu. Hakuna hata mmoja. Wageni hawakuuliza mashine ni ya nani, na wenyeji hawakusema. Uungwana mtupu.

"Na sasa hivi iko wapi?" nikamuuliza.

"Mjomba wako kaenda nayo baharini."

Mbunge akaruhusiwa swali la nyongeza. Je, Waziri yuko tayari kuongozana naye mpaka delta akajionee? Waziri akasema yuko tayari, tena kwa hamu ya kamba wa Rufiji. Ukumbi ukacheka. Halafu Spika akaita swali linalofuata, la jimbo lingine, na yetu yakawa yamekwisha.

Tukateremka. Nje, kabla hatujafika kwenye simu, mbunge akamleta Waziri atusalimie, tupige picha. Mwenyekiti wetu akajipanga mbele, kifua nje: "Tunashukuru sana mheshimiwa, boti yetu inatusaidia mno." Nilimtazama nikatamani kumng'ata. Wazee wengine nao wanaitikia, tunashukuru, tunashukuru.

Babu akapita katikati yao.

"Mheshimiwa, shikamoo ya uongozi wako," akasema. "Umejibu ulichoonyeshwa, na aliyekuonyesha ni mimi. Mashine ile ilikuwa yangu. Boti haina mashine."

Mwenyekiti akamvuta kanzu. "Mzee Mbaruku, siyo hapa bwana! Unatuaibisha!"

"Mficha uchi hazai," babu akamjibu, wala hakugeuka. "Na mjukuu wangu anazaa sasa hivi, mheshimiwa. Anaisubiri boti hiyohiyo."

Nyie mnaosema alikivua kijiji nguo, ndicho alichosema hicho. Hamna neno lingine. Tabasamu la picha likamtoka Waziri usoni. Akaomba jina la kijiji, akatoa simu yake, akasogea pembeni akapiga. Nilimsikia akisema "sasa hivi, siyo kesho." Hakutulaumu, na hiyo ilinitisha zaidi kuliko angefoka.

Nilipopata simu yangu, nikapiga. Haipatikani. Nikapiga tena. Mnajua mtandao wa huku, ukiingia tu kwenye mikoko umezikwa. Tulikaa kwenye ngazi, babu anavuta tasbihi, mimi nikitazama kioo cha simu mpaka macho yanauma. Hofu ile sijui niielezeje. Ukiwa mtoni na mtu anazama unaweza kuruka. Pale ungeruka wapi?

Alasiri mama akapiga. Wanaume walichoka kutafuta mashine, wakaamua kwenda kwa makasia, maji yenyewe yanawarudisha. Boti iliyotumwa kwa ile simu ya Waziri ikawakuta wamefika nusu ya safari, ikawavuta mpaka Mohoro, gari likampokea mpaka hospitali, akapasuliwa. Zaituni yu hai. Mtoto hakuwahiwa. Alikuwa wa kiume.

Tangu Dodoma babu hakutania. Tulipofika Ndundu, gari likiwa juu ya daraja, mto umejaa chini yetu, ndipo akafungua mdomo.

"Mjukuu wangu, wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Siye tumeigeuza. Mgeni kaja, kala, kaondoka roho yake nyeupe. Mwenyeji kabaki anakufa." Akapumua. "Wewe ulitaka kumtukana yule bwana. Hasira yako nzuri, lakini umeielekeza mbali. Mtu wa mbali anajibu anachoambiwa. Ukikipaka kidonda chako mafuta kikang'aa, akisema umepona, kosa la nani?"

Basi ndio hivyo. Mashine mpya ililetwa, ililia vizuri, mnakumbuka, ikafa nayo, na boti imelala tena pale gatini. Dada yangu mpaka leo akisikia muungurumo mtoni huacha anachofanya, akasimama. Na sasa kamati ya wabunge inakuja, na mmeshaanza kuchanganya chokaa.

Sikia mwanangu, nikwambie kama babu alivyoniambia. Mgeni mpe maji, mpe mkeka, mpe kamba mkubwa kuliko wote, huo ni uungwana wetu na asituguse mtu hapo. Lakini ugonjwa wako mwonyeshe ulivyo. Boti aikute imelala. Kitanda akikute hakina shuka. Nesi msimfundishe cha kusema, aseme mwenyewe. Heshima ya mgeni isinunuliwe kwa roho ya mwenyeji, maana mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo hakiazimi mashine kwa mtu. Na hasira zenu, nami najisema humohumo, zianzieni hapa kijijini kabla hazijapanda basi la Dodoma.

Mungu awape ndimi zisizoogopa aibu ndogo. Awavushe wake zenu na dada zenu salama, awape watoto wanaolia wakizaliwa. Amrehemu babu yangu, na atakayemsema vibaya tena amkutanishe na mimi kwanza. Amin.

Sasa niambie wewe: wakija, wakikuuliza mnaishije, utawajibu nini?