Macho Aliyoyaacha Gerezani

Alton Crowder anaingia banda la tatu kwa kupapasa ukuta. Mlango unajifunga nyuma yake, na kuku elfu ishirini wa nyama wanasogea kidogo tu kumpisha. Mkono wa kushoto ameshika ndoo. Haangalii chini. Anatembea polepole akiburuza buti kwenye maranda, na buti likigusa kuku asiyeondoka, anainama, anampapasa, anamtia ndooni.

"Aliye hai hukimbia," anasema. "Aliyekufa hunisubiri. Kazi hii haitaki macho, bwana. Inataka buti."

Anacheka peke yake. Feni za mwisho wa banda zinavuma kwa nguvu, na kicheko chake hakifiki popote.

Alton ana miaka hamsini na tisa, na macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho. La kulia halioni tena ila mwanga. La kushoto linaona kama mtu anayechungulia kupitia karatasi iliyofungiwa maandazi. Ni ugonjwa ambao daktari anaumaliza kwa muda wa kunywa chai. Na Alton alikuwa na daktari, tena alikuwa na tarehe kabisa ya upasuaji. Aliiacha gerezani.

Ndiyo, gerezani. Hapa Tarpley, mji mdogo wa kaskazini mwa Alabama, hakuna asiyejua kwamba Alton alikula miaka kumi na moja kwa wizi, kosa la tatu. Aliiba mashine ya kuchomelea ya Hoyt Bagwell, fundi mabomba, akaiuza hata kabla haijapoa. Hoyt mwenyewe bado anaihadithia habari hiyo kwa yeyote anayesimama karibu naye kwa muda wa kutosha.

Huko ndani macho yakaanza kufifia. Si kwamba gereza lilikuwa peponi; Alton alisubiri karibu miaka miwili, na anakumbuka wenzake waliokufa wakiwa wanangoja daktari. Lakini zamu yake ilifika. Katika nchi hii, mfungwa ana haki ya kutibiwa. Majaji wakuu waliamua zamani kwamba ukishamfungia mtu mlango, hawezi tena kwenda kujitafutia dawa, na ukimwacha augue huku unamtazama, hiyo ni adhabu ya kikatili, ambayo Katiba inaikataza. Kwa mtu aliye huru, Katiba hiyohiyo haina neno. Ajitafutie.

"Muuguzi aliniita, akaniambia, 'Crowder, wiki sita zijazo unafanyiwa jicho la kwanza,'" anasimulia. "Sikumbembeleza. Sikumpa kitu. Jina langu lilifika, basi."

Wiki hiyohiyo akapata habari ya pili: ameruhusiwa kutoka kwa masharti. Na siku mbili baadaye dada yake, Verlene, akampigia simu.

Verlene alikuwa mdogo wake, na ndugu pekee aliyebaki. Miaka thelathini alipika katika mkahawa wa barabara kuu. Hakuwahi kuolewa, hakuzaa, hakuiba hata pini. Alikuwa na uvimbe kwenye titi, ameuficha chini ya aproni kwa muda ambao hakuna aliyewahi kuujua, kwa sababu hakuwa na bima. Bima ya serikali ya maskini, katika jimbo hili, mtu mzima asiye na mtoto haipati hata akiwa fukara wa kutupwa.

"Akaniambia, 'Alton, njoo. Siwezi tena kujivalisha.' Nikaenda kumwambia muuguzi natoka. Akanikasirikia kweli. 'Crowder, wewe ni punguani? Subiri wiki sita tu! Ukivuka lile geti mimi si muuguzi wako tena, na huko nje hakuna atakayekuwa.' Nikamwambia dada yangu hana wiki sita."

Anaiweka ndoo chini.

"Alikuwa na miezi minne. Ningeweza kungoja. Ningetoka naona, nikamuuguza naona. Badala yake nilimuuguza kwa vidole. Amekufa mikononi mwangu na sura yake ya mwisho siijui."

Mwandishi wa makala haya anaishi hapa mwaka wa kumi na tisa sasa, na amekwisha kusikia mengi, lakini siku hiyo alitoka nje ya banda akasimama kidogo kwenye baridi. Inauma. Mwizi alikuwa na daktari, na mwanamke aliyelisha mji mzima hakuwa naye, na mambo yote mawili yalikuwa halali kabisa kisheria.

Sasa Alton anaishi peke yake katika karavani aliyoiacha Verlene, nyuma ya mashamba. Siku nyingine, anasema, sauti ya kwanza kumsemesha ni ya mtangazaji wa hali ya hewa redioni. "Ananiambia mvua inakuja, namwambia asante. Nimeshaanza kumjua akiwa na mafua."

Gaines Hulsey, mwenye mabanda, humpitia asubuhi kwa gari na kumrudisha jioni. Humlipa dola tisini kwa siku, siku mbili kwa wiki. Upasuaji, walipouliza hospitali ya mji wa jirani, ni dola elfu nne kwa jicho moja, na kwa hospitali jambo hili si dharura. Alton alikwenda pia kwenye kliniki ya bure ya Alhamisi. Wakampima presha, wakampa miwani isiyosaidia, wakamfariji kwamba hakuna mtu aliyewahi kufa kwa mtoto wa jicho.

"Kuku hawa wakikohoa, kampuni inaleta daktari kabla ya saa sita mchana," anasema Hulsey, akitikisa kichwa. "Juzi daktari alikuwa hapa, Alton akamwambia, 'Daktari, na mimi nipimie, nahesabika kwenye banda hili.' Tukacheka. Sasa tufanyeje? Lakini nikuambie ukweli, la kushoto nalo likizima siwezi kumweka humu. Kuna mikanda ya mashine, kuna feni. Atakatika mkono."

Na hilo la kushoto linazima. Alton mwenyewe anakadiria kwamba litafika masika, halitafika zaidi ya hapo. Bima ya wazee ataipata akitimiza miaka sitini na mitano.

"Nadhani mimi ndiye mtu pekee wilaya hii anayemwomba Mungu amzeeshe haraka," anasema.

Jumatano jioni kanisa la Alton hula pamoja ukumbini: samaki wa kukaanga, maharage, mkate wa mahindi, chai baridi yenye sukari ya kuumiza meno. Mwandishi aliketi meza moja naye. Mazungumzo yakaangukia kwenye mahakama na hospitali, kama yanavyoanguka kila mwaka wa uchaguzi.

"Nionyesheni mahali Katiba iliposema daktari wa bure," Hoyt Bagwell alisema, uma hewani. "Imesema nisali. Imesema niseme. Imesema niwe na bunduki. Haki ni kuachwa na serikali nifanye mambo yangu. Dawa ni kitu cha mtu, kakisomea, kakitolea jasho. Utadaije jasho la mtu?"

"Kula samaki wako, Hoyt," Earline Tidmore, mpishi wa shule, alimkatiza. "Wewe mwenyewe goti lako nani kalilipia? Si serikali?"

"Goti langu nimelilipia kwa kukatwa kodi miaka arobaini!"

"Na Verlene hakukatwa kodi?"

Wengine walimtazama Alton, kisha wakatazama sahani zao. Yeye alikuwa anatafuta chumvi kwa kidole, taratibu, na hakuna aliyemsogezea. Nasema hivi si kwa kuwasengenya. Na mimi nilikuwepo, na mimi sikumsogezea.

Novemba iliyopita Alton alifanya jambo ambalo huko kwingine lingemfanya mtu aonekane mwehu. Alidandia lori la chakula cha kuku, akavuka mpaka kuingia jimbo jirani la Tennessee. Masharti ya kuachiliwa kwake yanamkataza kutoka nje ya jimbo bila ruhusa. Akivunja sharti, anarudishwa ndani. Na akirudishwa ndani, macho yake yanakuwa tena na haki.

"Nilikaa kituo cha mafuta nikanunua kahawa, nikasubiri kukamatwa," anasema. "Akaja askari. Nikajua ndiyo hivyo. Akanunua soseji mbili, akaniambia, 'Siku njema, mzee.' Akaondoka zake!"

Giza lilipokaribia, Alton akaazima simu ya muuza duka akampigia afisa wa kike anayemsimamia tangu alipoachiliwa, ambaye jina lake tunalihifadhi.

"Nikamwambia, 'Mama, niko Tennessee. Nimevuka bila ruhusa. Njoo unikamate.' Akasema, 'Alton, simu inakatakata.' Nikamwambia haikatiki, nakusikia vizuri sana. 'Inakatakata, nakwambia! Rudi nyumbani kabla sijakusikia.' Akakata."

Alton hamlaumu. Anajua mama yule alimhurumia, kwa sababu hakuna afisa mwenye moyo anayetaka kumrudisha mtu wa miaka hamsini na tisa nyuma ya nondo. Alirudi nyumbani kwa lori lilelile.

"Huruma ilinikosesha macho mara mbili," anasema. "Kwanza yangu kwa Verlene, halafu ya yule mama kwangu."

Ikabaki njia moja, na hiyo ndiyo aliyoiogopa kuliko zote. Mji huu ukiuguliwa, huwasha moto. Mabega ya nguruwe hupangwa kwenye majiko ya chuma usiku kucha, asubuhi yanauzwa kando ya barabara, na fedha anapewa mgonjwa. Wamemchomea mtoto mwenye saratani, wamemchomea mzimamoto aliyeanguka kutoka paani, wamemchomea mke wa mchungaji. Verlene alizitia viungo nyama hizo kwa miaka ishirini na hakuwahi kusema kwamba anaumwa. Kwa Alton hakuna aliyewahi kutaja kiberiti. Mtu mwenyewe haombi. Huombewa na wanaompenda. Ndivyo ilivyo hapa, na wa kumwombea Alton alikwisha zikwa.

Jumapili iliyopita, mchungaji alipouliza kama kuna mwenye haja, Alton alisimama. Alishika kiti cha mbele yake kwa mikono yote miwili.

"Mimi ni Alton," alisema. "Mnanijua, na mnajua niliyofanya. Naelekea kuwa kipofu. Naomba mniwashie moto."

Mtu mmoja alikohoa nyuma. Mchungaji akaanza kupekua Biblia yake. Alton aliendelea kusimama, maana hakujua aketi lini. Haoni uso wa mtu, atajuaje?

Ndipo Hoyt Bagwell akaguna kutoka benchi la pili.

"Keti, Ndugu Alton, unatuzibia upepo," alisema. "Jumamosi hii. Kuni naleta mimi. Ukipona utaona vizuri mahali nilipoificha mashine yangu mpya."

Kanisa zima likaangua kicheko, na hewa ikarudi. Wakati wa kutoka, Hoyt alimshika bega mlangoni. "Lakini tuelewane," alimwambia. "Hiyo si haki yako. Hiyo ni zawadi."

"Naam, Ndugu Hoyt," Alton alijibu.

Kama mauzo yatakwenda vizuri, jicho la kushoto litafanyiwa upasuaji kabla ya masika. Earline na kina mama wa kanisa wamekwisha panga kila kitu. Alton anyoe ndevu. Avae shati jeupe. Asimame mezani tangu asubuhi, amshike kila mnunuzi mkono na kumtaja jina, ingawa itabidi amtambue kwa sauti. Wamemsisitizia sana atabasamu, kwa sababu wapo ambao bado wana kinyongo.

Leo Alhamisi yuko tena banda la tatu. Ndoo imejaa nusu. Anasema anafurahi, na bila shaka anafurahi, ila anarudia habari ambayo hakuulizwa.

"Kule ndani kulikuwa na mzee mmoja aliyeua watu wawili. Hakuna aliyempenda, hata mama yake mzazi. Kila asubuhi alimtukana yule muuguzi matusi ya nguoni. Wakamfanyia macho yote mawili. Akawa anaona, na anatukana vilevile."

Anajifuta mikono kwenye suruali, anamgeukia mwandishi, lakini si sawasawa. Anaukosa uso kidogo, anazungumza na bega. Anavuta midomo pembeni, meno yanaonekana, anabaki hivyo.

"Hebu nitazame vizuri," anasema. "Hivi inatosha?"